Shamba la Maua Mekundu

Nilipostaafu niliamua kununua shamba Uyui, na kwa kuwa maisha yangu yote nilikaa ofisini, nilijiona mtaalamu wa udongo. Tulionyeshwa mashamba mawili siku moja. La kwanza lilikuwa ndani kabisa, limejaa vichuguu, na bei yake nafuu. Mke wangu, aliyekulia kwenye mashamba ya Urambo, alifikicha udongo wa kichuguu kiganjani, akaunusa, akasema, "Baba watoto, tuchukue hili." Nikamuuliza tunakwenda kulima au kufuga mchwa.

La pili lilikuwa kando ya lami, tambarare, ghali mara mbili. Nikajua hilo ndilo lenye rutuba. Kitu kibaya kitauzwaje bei ile? Mahindi yalinifika magotini tu, lakini chini yake maua madogo mekundu yalikuwa yametapakaa kila mahali. "Hayo yanajiotea yenyewe, mzee wangu," muuzaji alinihakikishia. Ardhi inayotoa maua bila kubembelezwa! Mke wangu akaninong'oneza kwamba ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na hushamiri ardhi ikichoka. Nikamwambia asituaibishe mbele za watu. Pesa zilipopelea, aliuza cherehani yake, nami nikamuahidi nyingine baada ya mavuno.

Mavuno tukayapata. Mahindi ya msimu wa kwanza yalilingana na kidole gumba. Ya msimu wa pili yaliona hata hicho ni anasa. Mke wangu akawa anashona nguo za wajukuu kwa mkono.

Mwaka huu wakaja kijana na mkewe kutoka Dar kutafuta shamba. Walipiga picha maua. Bei niliyowatajia ingenunua cherehani na chenji ikabaki.

"Kumbe udongo mzuri hivi?" yule binti akauliza.

Nikajisikia nikisema, "Hayo yanajiotea yenyewe, mwanangu."

Mke wangu alichuma ua moja, akampa. "Hiki ni kiduha, mama. Shamba limechoka. Nendeni kule ndani kwenye vichuguu."

Wakashukuru, wakaenda. Nilinuna njia nzima. Mtu anaifukuza cherehani yake kwa mdomo wake mwenyewe! Tulipofika nyumbani alikaa mlangoni na gauni la mjukuu, akaninyooshea sindano.

"Nitungie uzi, baba watoto. Siku hizi tundu silioni."