Bega lilikataa kubeba mtoto, ndipo nikafundishwa kurusha kisahani kwa miguu

Wakuu, salamu kutoka Kieni. Leo kumeamka na ile baridi ya kufanya mtu akae jikoni mpaka saa nne, so nimepata time ya kuandika.

Juzi kuna kijana aliuliza humu ndani. Anacheza disc golf, ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki mpaka kikapuni, huko Nanyuki, amebeba vyuma mwaka mzima, mkono umekuwa kama gogo, na bado distance haiongezeki. Watu wakamshauri aongeze push-ups.

Nilisoma nikacheka kidogo. Halafu bega langu la kulia likanikumbusha nisicheke.

Mimi disc golf siijui, nimeiona tu kwa simu. Lakini miaka ya sabini, nikiwa mwalimu wa primary karibu na Chaka, nilikuwa narusha kisahani, ile discus ya mbao na chuma. Haya nitaandika yalinipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, hata pale chumvi ingenisaidia.

Nilikuwa mwalimu mchanga, nimeolewa, na nimetoka tu kuzaa first born wetu, Wairimu. Mume wangu, Kariuki, alikuwa anafanya kazi kwa duka la mjomba wake Kutus, anakuja nyumbani end month. Mimi nilikuwa nakaa na mama yake. Nilimwita maitu, yaani mama, na mtoto alikuwa amebeba jina lake vile desturi yetu inataka.

Siku moja headmaster aliniangalia pale staff room akasema, "Mwalimu Muthoni, wewe uko na mwili. Utaturushia kisahani kwa michezo ya walimu."

Ikawa hivyo. Hakuna coach, hakuna maelezo.

Nguvu nilikuwa nazo kweli. Nimelelewa kwa kuchota maji na kubeba viazi. Nikashika kile kisahani, nikakitupa vile unatupia nyani jiwe akiwa kwa mahindi. Kikaenda. Sio mbali sana, lakini walimu wakapiga makofi, na mimi nikadhani mchezo ni huo: ukitaka kiende mbali zaidi, tupa kwa nguvu zaidi.

Kila jioni baada ya masomo nikawa natupa. Kisahani kikakataa kuongeza hata hatua. Kilichoongezeka ni maumivu. Ilianza kama kitu kinawasha ndani ya bega, halafu ikawa kama msumari.

Asubuhi moja Wairimu aliamka akilia. Nikainama nimtoe kitandani nimnyonyeshe, mkono ukafika katikati ukakataa. Mtoto analia, maziwa yananimwagikia kwa nguo, na mimi nimesimama hapo nimekwama. Maitu aliingia, akamwinua, akaniwekea kifuani. Alinitazama tu vile mtu hutazama ng'ombe aliyeacha kula.

Wenye mmelea watoto mnajua hiyo hofu. Sikuwa nafikiria michezo tena. Nilikuwa nafikiria, kama siwezi kuinua mtoto wangu, nitalima na nini?

Lakini jina langu lilikuwa limeshapelekwa, so nikaenda Nyeri town kwa michezo ya wilaya. Na huko ndiko nilimwona Zubeda.

Zubeda alikuwa mwalimu pale mjini. Alizaliwa mtaa wa Majengo kwa familia ya Waislamu, akahamia mtaa wa Skuta na mama yake. Mwembamba, ungempita sokoni usimwone. Alivaa suruali ndefu na kitambaa amekifunga vizuri kichwani. Alikuwa ameshinda kisahani cha wanawake mwaka baada ya mwaka, mpaka watu waliacha kuuliza nani ameshinda, wakawa wanauliza nani amekuwa wa pili.

Aliingia kwa duara, akazunguka kama mtu anageuka kuona nani amemwita, na kisahani kikatoka. Hakukunja uso. Kikaenda, kikaenda, kikapita mahali ambapo changu kingefika nikitupa mara mbili.

Baadaye tulikutana kwa mfereji wa maji. Akanitazama.

"Hilo bega linauma?"

"Kidogo," nikasema.

"Haliumi kidogo. Umelishika tangu asubuhi." Akanawa uso, akaendelea, "Dada, mkono wako unafanya kazi yote. Miguu imekuja kutazama tu."

Nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Lakini nilikumbuka Wairimu akilia kitandani. Nikamuuliza kama anaweza kunionyesha.

"Njoo Skuta Jumamosi," akasema. "Kisahani kiache nyumbani. Kwanza hilo bega lipone."

Wakuu, hapa ndipo yule kijana wa disc golf anafaa kusoma polepole.

Nilienda na mtoto mgongoni. Mama yake Zubeda akamchukua, akakaa naye kwa kivuli cha nyumba, akimwimbia. Sisi tukaenda kwa kiwanja cha karibu. Mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mwekundu ulikuwa laini. Zubeda akanivua viatu. Akaniambia nizunguke tu, bila kitu mkononi, halafu nitoke kando tuangalie nyayo.

Nyayo zangu zilikuwa mashimo. Kisigino kilikuwa kimechimba chini, mguu umesimama, na mwili ndio umejilazimisha kupinda juu yake. Akazunguka yeye. Yake ilikuwa alama ndogo ya duara, ya sehemu ya mbele ya mguu tu, kama mtu amezungusha kifuniko cha chupa kwa matope.

"Mguu ukikwama, nguvu inaishia hapo chini," akasema. "Kinachofika juu ni kile bega limejitafutia lenyewe. Ndiyo maana linalia."

Halafu akanifunga leso kwa mkono wa kulia. Akasema, zunguka. Leso ikanirukia usoni.

"Umeona? Mkono umetangulia. Leso inatakiwa ikufuate nyuma, kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Miguu ifike, kiuno kifuate, kifua, na mkono uwe wa mwisho kabisa."

Hiyo ndiyo ilikuwa form yote, wakuu. Kuielewa ilichukua dakika. Kuifanya ilichukua miezi, kwa sababu mwili unapenda kile kitu umezoea hata kama kinauumiza.

Nyumbani nikawa nafanya mazoezi nyuma ya zizi la ng'ombe, jioni, leso mkononi, bila viatu, nazunguka. Narudia. Nazunguka tena.

Sikujua maitu ananiona.

Na fikiria alichoona. Mama wa mtoto mdogo, ambaye juzi ameshindwa kumwinua, sasa yuko nyuma ya zizi, peke yake, anazunguka zunguka na kitambaa, akiongea na miguu yake. Siku hizo wanawake waliopata shida ya akili baada ya kuzaa walikuwepo, na watu walinong'ona tu. Maitu alikuwa ameshawahi kuona dada yake akienda hivyo. Hiyo sikuijua mpaka baadaye.

Akatuma neno Kutus kupitia jirani. Kariuki akafika katikati ya mwezi, bila kutarajiwa, jasho limemjaa. Nikamkuta kwa mlango wa jikoni amesimama na mama yake. Wote wawili wananitazama kama mtu anayeweza kuvunjika.

"Mama Wairimu," Kariuki akaanza, sauti ya chini kabisa, "uko sawa?"

"Niko sawa. Kwa nini?"

"Ati unazunguka huko nyuma kama kuku amekatwa kichwa."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona mikono ya maitu. Alikuwa ameikunja ncha ya khanga yake mpaka ikawa kama kamba. Kicheko kikaisha hapo.

Nikawaambia yote. Bega, Zubeda, nyayo, leso. Kariuki alishusha pumzi, akakaa kwa kigogo cha kupasulia kuni. Maitu hakuonekana kuamini. Akasema, "Nionyeshe."

Tukaenda nyuma ya zizi sisi watatu na mtoto. Nikavua viatu, nikazunguka mbele ya mama mkwe wangu. Kama hujawahi kufanya kitu cha aibu mbele ya mama mkwe, hujui urefu wa dakika moja.

Maitu aliinama akatazama nyayo zangu. Halafu akauliza, "Na ukizunguka hivyo, bega linauma?"

Ndipo nikagundua halikuwa linauma. Lilikuwa limeacha bila kuniaga.

Maitu akamchukua Wairimu kutoka kwa Kariuki, akajifunga mgongoni. "Basi zunguka. Mimi niko na huyu," akasema. Kutoka siku hiyo, jioni ikifika ndiye alikuwa ananiuliza mbona bado niko ndani.

Siku Zubeda aliponiruhusu kushika kisahani tena, nilikirusha nikiwa nimelegea, nikidhani ni cha kupasha mwili moto. Kikatoka mkononi bila kelele. Kikaenda mahali ambapo sijawahi kukituma. Tulitembea pamoja kukifuata, Zubeda akihesabu hatua. Alikiokota, akakipangusa, akanipa. "Tena," akasema.

Kisha zikaja trials za mkoa, hapo hapo Nyeri. Nafasi ya kwenda Nairobi kwa michezo ya walimu ya taifa ilikuwa moja.

Zubeda alijua tangu mwanzo. Mimi pia nilijua, lakini hatukuwahi kuitaja. Jumamosi baada ya Jumamosi aliendelea kunifundisha.

Siku yenyewe watu walikuwa wengi, Kariuki na maitu wakiwa kwa fence na mtoto. Niliingiwa na woga nikarudi kwa tabia za zamani. Throw ya kwanza, mkono ukatangulia, kisahani kikaanguka karibu. Ya pili nikakanyaga nje ya duara. Zubeda alikuwa anaongoza na angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu angemlaumu.

Akaja karibu nami, akainama kama ananifunga kamba ya kiatu.

"Umesahau miguu," akasema kwa upole. "Vua viatu kama ni lazima."

Nilivua viatu. Watu wakacheka. Official mmoja akaangalia mwenzake, wakakubaliana hakuna sheria inayokataza. Ile saruji ya duara ilikuwa baridi kama barafu. Nikazunguka.

Nilimshinda Zubeda kwa kiasi cha kiganja cha mkono.

Yeye alibaki na throw moja. Aliirusha vizuri, vile alikuwa anarusha siku zote, na haikufika. Akanishika mkono, akasema hongera, akachukua mfuko wake. Watu walikuwa wananiinua, na nikaona tu kile kitambaa chake kikitoka kwa gate.

Jumamosi iliyofuata nilienda Skuta kama kawaida. Mama yake akafungua, akasema Zubeda amelala. Ilikuwa mchana. Nikarudi wiki iliyofuata, nikaambiwa ametoka, na viatu vyake viko hapo mlangoni.

Kariuki aliniambia nimuache. Maitu akasema la. "Yule aliinama kwa kiatu chako ukiwa unashindwa," akasema. "Wewe nenda kwa mlango wake. Ukifungwa, kaa nje."

Nikaenda, nikakaa nje. Mama yake akaniletea chai na mahamri, akamchukua mtoto, akaniacha hapo. Chai ikaisha. Jua likahama. Mwishowe Zubeda akatoka, akakaa kando yangu kwa ngazi. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilijua nikikufundisha utanishinda," akasema. "Nilikuwa nimekubali kabisa. Sikujua itauma."

Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo.

Baadaye akapangusa uso, akaniuliza, "Kisigino cha kushoto bado kinagusa chini?"

"Kinagusa kidogo."

"Nilikiona. Simama."

Nairobi nilikuwa wa nne. Kulikuwa na wanawake huko, wakuu, waliorusha kile kitu kama wanafungua dirisha. Sikulia. Nilikuwa nimerusha mbali kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na jioni hiyo nilimbeba mtoto wangu kwa mkono ule ule.

Zubeda alikuja kutazama. Alikaa na Kariuki kwa jukwaa. Kariuki aliniambia kwamba nilipoingia kwa duara, mzee mmoja wa mbele aligeuka akauliza, huyu mama asiye na viatu ametoka wapi.

Zubeda akamjibu, "Huyo ni wangu."

Kijana wa Nanyuki, nimekuandikia mambo mengi lakini yako ni haya. Wacha vyuma kidogo. Tafuta mahali penye udongo laini, vua viatu, fanya footwork yako bila disc, halafu uangalie chini. Nyayo zitakuambia nguvu yako inapotelea wapi. Usiharakishe mkono. Na bega likianza kukulilia, lisikilize mapema.

Wengine mliorusha chochote, mkuki, tufe, hata mawe ya kufukuza nyani, karibuni mseme mlijifunza vipi. Mkiona nimekosea kitu, nirekebisheni, mimi ni mwalimu, nimezoea.

Na kama umewahi kumshinda mtu aliyekufundisha, ningependa kujua: ulienda kwa mlango wake, ama ulingoja aje kwako?