Kifua cha Wema

Kabla ya kukaa ndani ya saluni, Leonardi alikuwa akipaka kucha rangi kwa kutembea. Alibeba kikapu cha chupa na beseni dogo, akaingia uchochoro huu wa Ujiji akatokea ule, na kina mama wakamwita wakiwa barazani wanachambua mchele. Kazi ilifanyika nje, upepo wa ziwa ukipita, na harufu ya asetoni ya kufutia rangi haikupata muda wa kukaa puani. Shadia, mwenye saluni moja ya mtaa wa Kasingirima, alipoona wepesi wa mkono wake, akampa meza ya kucha.

Humo kazi ilikuwa nyingine. Wateja walitaka kucha za kubandika, zile za unga unaochanganywa na dawa kali. Zikishakauka zinasuguliwa kwa mashine, vumbi jeupe linatanda mpaka kwenye nyusi. Leonardi alijifunza upesi. Dirisha lililokuwa mgongoni mwake akalifunga, maana vumbi la barabarani lilinata kwenye rangi mbichi na kumharibia kazi. Shadia alimwambia mara kadhaa alifungue. Aliitikia, na Shadia akitoka, akalifunga tena.

Kisha akaja Wema, mwanamke kijana kutoka kijiji cha Kalinzi, kujifunza kazi kwake. Alikuwa mkimya, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiha, na katika miezi michache hakuna aliyemfikia kwa kuchora maua kwenye kucha. Ila kila ikifika jioni alikohoa. Akajinunulia barakoa. Siku moja mteja akamuuliza, nusu kwa utani, kama ana kifua kikuu. Leonardi akacheka pamoja na mteja. Walipobaki wawili, akamgeukia Wema.

“Vua hicho kitu, unatufukuzia watu. Mimi nimekaa humu muda wote huu, mbona sijafa?”

Wema akaivua, akaitia kwenye mkoba. Hakuivaa tena.

Kikohozi kikageuka kubanwa. Alipokwenda kwao msibani akapona kabisa, hata mama yake akadhani ni vumbi la mjini lililokuwa likimsumbua. Aliporudi mezani, siku ileile kifua kikaanza kupiga filimbi. Leonardi alimwambia anywe maji ya tangawizi. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyojua.

Wema alianguka akiwa amemshika mteja mkono. Leonardi na Shadia wakampakia kwenye bajaji, na hospitalini, baada ya kumvutisha dawa ya kifua, tabibu akawauliza anafanya kazi gani. Walipomweleza, akauliza kama kuna dirisha. Shadia akamtazama Leonardi. Tabibu aliwaambia kwamba barakoa nzuri hupunguza vumbi, lakini mvuke wa dawa hauzuiliki kwa kitambaa. Unatolewa kwa hewa kupita, kwa kufunika kopo la dawa kila baada ya kuchovya, na kwa feni inayosukuma hewa nje.

Wiki hiyohiyo Leonardi alifanya yote. Alifungua dirisha, akageuza feni isukume hewa nje, akatafuta vifuniko vya makopo, na pamba zilizolowa asetoni akazitupa kwenye ndoo yenye mfuniko. Wema akajaribu kurudi. Hakumaliza asubuhi. Kifua chake kilikuwa kimekwisha kuikataa ile dawa ya kucha. Harufu kidogo tu ilitosha kumbana. Akafunga mizigo yake, akarudi Kalinzi.

Leonardi alikaa na jambo hilo moyoni hadi msimu wa kahawa, ndipo akapanda pikipiki kumfuata. Alimkuta uani kwa mama yake, akichambua kahawa. Moshi wa jikoni ulipowafikia, Wema alinyanyuka akahamia upande wa pili, akavuta dawa yake ya kifua, akaketi tena. Leonardi alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yote yakampotea, akabaki kuomba msamaha tu.

Wema alirudisha mikono kwenye kahawa.

“Kaka Leo, barakoa niliivua kwa mikono yangu mwenyewe,” alisema. “Lakini wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wangu. Ungesema vaa, ningevaa.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimkaribisha ugali, wakazungumza habari za mvua na bei ya miche. Leonardi alitaka kumuuliza kama anakumbuka kuchora, akaona hana haki ya kuuliza.

Bado yuko Kasingirima. Mwanafunzi akija sasa, kitu cha kwanza anachofundishwa ni kufungua dirisha, na mteja anayelalamikia barakoa huambiwa aende kwingine. Wengine huenda kweli. Shadia humsifu kwa hilo mbele za watu. Leonardi huinamia kucha iliyo mbele yake.