Meno Meupe ya Dikson Gebai

Hapa Alotau, mji wa bandari wa Papua New Guinea, mwanamume mzima mwenye meno meupe hutiliwa shaka. Watu wazima tunatafuna popoo kwa tunda la mtambuu na chokaa ya matumbawe, na vinywa vyetu ni vyekundu sokoni, kanisani na mahakamani. Kwa hiyo Dikson Gebai, fundi wa injini za boti, aliporudi nyumbani na meno yaliyosafishwa yakang'aa, mtaa mzima uliona. Mkewe Loini aliona kabla ya mtaa.

Loini anauza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wivu ni kazi yake ya pili, na anaifanya kwa bidii kuliko ya kwanza. Amewahi kumwonea wivu mwimbaji wa kwaya, boti moja iliyopewa jina la mwanamke, na marehemu mama mkwe wake, kwa sababu Dikson aliendelea kuisifia supu yake hata baada ya maziko. Wanaomjua hawamlaumu sana. Siku ya mashindano ya makasia, zamani, alimwacha kijana Dikson achovye kijiti katika kibuyu chake cha chokaa mbele za watu, na kwetu mwanamke akishafanya hivyo hahitaji tena kupiga mbiu kwamba amemchagua. Tangu hapo kibuyu chao kilikuwa kimoja.

Sasa Dikson alikikataa. Alisema ameacha, mambo ya afya tu.

"Hakuna afagiaye uwanja bila kungoja mgeni," Loini aliwaambia wenzake sokoni.

Wenzake wakamfariji kwa desturi ya soko. Walimwambia kwamba hospitali imeletewa daktari mpya wa meno, Geua Kila, binti wa watu wa Hula, mzuri, hajaolewa. Mmoja akaongeza kwamba Dikson ameonekana huko, na si mara moja.

"Wifi, nenda ukaumwe jino," alishauri.

Loini akaumwa jino. Alivaa gauni la Jumapili, akapaka nywele mafuta, akaenda na maneno aliyoyapanga tangu alfajiri. Hakuna aliyemwonya kwamba kiti cha daktari wa meno hakifai kwa ugomvi. Mgomvi hulazwa chali, hufungwa kitambaa shingoni, na kabla hajalitaja jina la mumewe, vidole viwili vya adui vimeshaingia mdomoni.

Geua alikuwa mpole, jambo ambalo Loini aliliona kuwa ufidhuli. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kusimulia alichokiona. Mama anatafunia upande wa kulia, maana kushoto kuna jino lililopasuka zamani. Mama anapenda chai tamu, anaionja kidogo kidogo kutwa nzima. Magego ya mama yamesagika yakawa bapa, kama ya mtu anayesaga meno usingizini miaka nenda miaka rudi.

"Usiku unagombana na nani, mama?"

Loini alikuwa na jibu, ila vidole vilikuwa bado mdomoni.

Kisha daktari akaisogeza taa karibu. Alilifunua shavu la kulia, pale Loini anapobana popoo, akasugua kwa pamba. Palikuwa na doa jeupe, na halikufutika. Akamwonyesha kwa kioo. Alisema huenda si kitu, na huenda ni mwanzo wa saratani. Angependa akate kinyama kidogo kikapimwe Port Moresby.

"Mumeo alisema ni upande huu huu," aliongeza, akitoa vidole.

"Mume wangu?"

"Aliliona ulipocheka. Akaja kuniuliza afanyeje ili uje. Nikamwambia aanze na kinywa chake. Akasema vizuri, maana ukiambiwa hutakuja, lakini ukiona meno yake utakuja mwenyewe."

Pengine mwanamke mwingine angelia kwa kupendwa namna hiyo. Loini alifungua kitambaa shingoni.

"Kwa hiyo shavu langu," alisema, "mmekuwa mkilizungumza nyinyi wawili."

Akaondoka bila kukatwa. Nyumbani alimkuta Dikson uwani, injini imefumuliwa mbele yake.

"Uliliona lini?"

"Kwenye harusi ya Mildred."

"Ukaenda kumwambia yeye."

"Ningekwambia wewe ungefanyaje?"

"Ningekataa."

"Sasa je?"

"Ningekataa nikiwa wa kwanza kujua."

Dikson hakuona spana ya kufungulia nati hiyo. Aliomba radhi, kisha akala biskuti kwa chakula cha jioni, siku hiyo na zilizofuata.

Baadaye Loini alimweleza mke wangu kilichomrudisha hospitali. Haikuwa hofu ya saratani. Alijiona amekufa, na Dikson amebaki mgane nadhifu mwenye meno meupe, na yule binti bado hajaolewa. Wazo hilo lilimtoa kitandani kabla jogoo hajawika. Akapigwa ganzi, akakatwa. Alipokuwa akingoja majibu hakugusa popoo, na alilalamika kwamba anatema mate meupe kama mtalii.

Majibu yalipokuja walikwenda wote wawili. Geua alitokea mlangoni akiwa na karatasi, na kwa mazoea macho yake yakaenda kwa Dikson.

"Mwenye shavu ni mimi," Loini alisema. Akamwacha mumewe kwenye benchi, akaingia, akafunga mlango.

Haikuwa saratani. Lakini doa la aina hiyo, daktari alisema, hubadili nia. Popoo na chokaa aviache kabisa, na awe anarudi kila baada ya miezi michache kutazamwa. Loini alimwomba arudie. Alikuwa ameelewa, alipenda tu kuambiwa wa kwanza. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, akauliza kama daktari ana mchumba. Anaye, yuko Lae. Siku hiyo habari njema zikawa mbili.

Alipotoka, Dikson alisimama ghafla mpaka benchi likalia.

"Amesemaje?"

Loini alirekebisha gauni lake.

"Mambo yetu, mimi na daktari," alisema, akatangulia kushuka kuelekea sokoni. Dikson alimfuata nyuma njia nzima akiuliza amesemaje, wamezungumza nini muda wote ule, na kwa nini anacheka, kwa sauti ambayo sisi majirani hatukuwahi kumsikia nayo.