Yotamu Hatoi Damu Bure

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa dresa katika hospitali moja ya Mbeya, Mhehe wa Iringa katikati ya Wanyakyusa, na subira sikuwa nayo hata chembe. Kazi iliyonichosha kuliko zote haikuwa kuosha vidonda. Ilikuwa kutafuta watu wa kutoa damu. Tulilipa shilingi kumi kwa chupa, na bado watu wakiliona koti langu jeupe walivuka barabara. Waliamini sisi ni mumiani, tunakamua watu damu ili Wazungu watengenezee dawa zao. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akiweka gogo nyuma ya mlango wake nikiingia zamu.

Mtu mmoja tu hakuogopa, naye ni Yotamu, fundi seremala wa Uyole. Alikuwa anaezeka nyumba yake kwa bati, na kila chupa ya damu ilikuwa bati moja na misumari yake. Sheria ilisema miezi mitatu ipite ndipo mtu atoe tena. Safari moja alikuja baada ya mwezi mmoja, kavaa kofia ya kuazima, akasema anaitwa Jailos. Nikamwambia ajabu, Jailos ana kovu la patasi kwenye kidole gumba sawasawa na la Yotamu. Akacheka, akavua kofia, akaomba chai hata hivyo.

Siku za soko aliwafundisha wenzake, nami nilimsikia kwa masikio yangu.

"Kwanza ule ushibe ndizi na maharage, usije ukaanguka ukatutia aibu watu wa Uyole. Wanakutoboa kidole, wanaangalia damu yako ni ya aina gani. Halafu unalala kitandani. Sindano yao nene kama msumari, wasikudanganye, ila inauma mara moja tu. Unapewa kijiti, unakifinya, unaachia, unafinya, chupa inajaa. Usiangalie chupa, wewe angalia dari. Ukimaliza usisimame haraka. Wanakupa chai ya maziwa na mkate. Mkate wa pili unaweza kuomba, yule dresa atanuna, mwache anune."

Kijiti chenyewe alikichonga yeye kwa mti wa mninga, akatuuzia kwa senti hamsini. Hakuna kitu kilichotoka kwa Yotamu bure.

Basi Jumapili moja asubuhi lori la viazi likamshusha mama kijana aliyejifungua alfajiri, na damu haikukoma. Mtoto alikuwa mzima, analia vizuri. Mama midomo ilikuwa imempauka na mikono ya baridi. Daktari akampima, akampima na mumewe, damu zao hazikupatana. Akaniambia asipopata chupa moja, saa sita mchana haitamkuta. Nikafungua daftari la watoaji. Mwenye damu ya kumfaa, na aliye karibu, alikuwa Yotamu, ambaye saa hiyo yuko kanisani mjini anaimba sauti ya nne. Nikamtuma mfagizi kwa baiskeli.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alipita baraza nzima ya hospitali akikohoa, anasimama, anakohoa tena, mpaka wagonjwa wakainua vichwa.

"Yotamu," nikamwambia, "na kifua hicho nani atataka damu yako?"

"Mimi mzima, dresa. Mfagizi kaniambia jina la mgonjwa. Huko ndani yuko mkamwana wangu."

Alinanuswe, yule mama kijana, alikuwa mke wa Lutengano, mwana wa Yotamu. Na kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Pale Uyole walikuwa na njia mbili za kwenda kisimani, yake na ya mkamwana, na Yotamu alikohoa popote alipopita ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Miaka miwili walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Wakigongana kwa bahati mbaya, waliamini mwanamke ndiye anayeugua, na hapo hamna dawa ila kuchinja ng'ombe.

Haya yote niliyajua, lakini kichwani mwangu siku ile kulikuwa na chupa tupu tu.

"Vizuri," nikasema, "ni mtu wa nyumbani kwako. Lala upesi. Na leo karani hayupo, kasha la hela limefungwa, kwa hiyo utatoa bure."

"Bure sitoi."

Nilidhani sikusikia. Lutengano akatoa noti yake mfukoni. "Baba, chukua hii."

"Ya kwako sitaki," Yotamu akasema. "Nataka ya hospitali."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia kumbe mumiani ni yeye, kwamba mkamwana wake anakufa ukuta wa pili naye anawaza bati. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika, maana ilikuwa Jumapili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa kuelekea wodini. Basi nikatoa shilingi kumi zangu mwenyewe, nilizoweka akiba ya viatu, nikamtupia kifuani.

"Hizi za hospitali?"

"Za hospitali, mchoyo wewe!"

"Andika karatasi. Andika imenunuliwa."

Nikaandika mpaka penseli ikavunjika. Akaikunja karatasi, akalala, akafinya kijiti chake. Chupa ilipojaa akauliza, macho yakiwa darini, "Dresa, hiyo damu ya nani?"

"Ya hospitali!"

"Sema kwa sauti."

Nikapiga kelele kwamba ni ya hospitali, imenunuliwa kwa shilingi kumi, na Mungu amsamehe. Nikachukua chupa nikakimbia wodini, na huko nikamkuta Lusia, dada yake Yotamu, amejilaza juu ya mgonjwa kwa mwili wake wote. Mama huyu ndiye aliyekuwa mlinzi wa miiko ya ukoo, na alikuwa amesikia kikohozi.

"Damu ya baba mkwe haiingii humu," akasema. "Afadhali afe na heshima yake."

Kisha akaniangalia vizuri. "Au ni kweli umeinunua?"

"Kwa hela yangu, mama!"

Akafikiri kidogo. "Mtu akiuza kiti," akasema, "kiti si chake tena." Akashuka kitandani, akamshikia hata daktari taa. Nami nikasimama pale na chupa mkononi, nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Alinanuswe alipona. Baada ya miezi miwili nikaenda Uyole kudai viatu vyangu. Yotamu alinipokea vizuri, akanipa kiti kipya cha mninga nikae, na tulipomaliza kula akanisindikiza. Njiani nikamwambia, "Baba, sasa mgonjwa mzima, zile shilingi kumi nirudishie."

"Siwezi, mwanangu. Nikikurudishia, damu inakuwa yangu tena. Utamuua."

Akakohoa. Mbele yetu mwanamke mwenye mtoto mgongoni akageuka, akajifunika kichwa kwa khanga, akatoka mbio akaingia kwenye mahindi. Yotamu akanipa mgongo, akatazama upande mwingine mpaka mahindi yakatulia. Alipogeuka macho yalikuwa yamemlowa, na anatabasamu.

"Umesikia miguu hiyo? Ana nguvu, eti!"

"Ana nguvu," nikasema.

Sikudai tena. Shilingi kumi zangu nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, zinakimbia kwenye mahindi na mtoto mgongoni.