Chokaa ya Nyumba ya Kimwani

Juzi nilimwona jirani akikoroga chokaa kwenye ndoo, na harufu yake ikanirudisha kwetu Kimwani, mchana ule Mama alipoamua kuipaka nyumba yetu kuukuu. Baba alikuwa amezikwa wiki chache tu kabla ya hapo. Mama alitia buluu ya kufulia kwenye chokaa ili ing'ae, akanipa brashi ya katani nipake chini ya dirisha. Yeye aliinama akipaka oili chafu kwenye msingi, mikono ikamnuka gereji.

"Wageni wanakuja?" nilimuuliza.

"Wazee wa ukoo. Wakiona tunaitunza nyumba, labda watatuachia."

Nilidhani watatuachia zawadi.

Walifika jioni pamoja na baba mdogo, wakaizunguka nyumba wakigusagusa kuta mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Imependeza kweli," alisema mzee mkubwa wao. "Itamfaa huyu mdogo wake marehemu, maana anaoa karibuni. Wewe, binti yetu, utarudi kwenu."

Leo najua tulishinda juani tukimpambia baba mdogo nyumba. Lakini siku ile nilisikia sifa tu, nikamshika yule mzee mkono, nikampeleka akaone pale nilipopaka mwenyewe.