Matanga Ndani ya Jumba la Sanaa

Buhembe nzima, pale Bukoba, inajua kwamba mwanamke akifariki, wa kwanza kupigiwa simu si padri wala fundi wa majeneza. Ni Ma Eufrazia. Atakuja na beseni lake, sabuni ya kipande na shuka jeupe, jirani yake Sabina akimfuata nyuma na ndoo ya maji. Atawafukuza wanaume chumbani, kisha atamwosha marehemu huku akimsemesha kama anayemwandaa bibi harusi. Ana ulimi mkali, na wazembe wa jumuiya ya kanisa wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa paroko. Sheria yake ni moja, aliitoa kwao Kamachumu, Muleba, kabla hajaolewa: maiti haachwi peke yake, na haachwi bila kufunikwa. Mpaka azikwe, jirani hashiki jembe, na anayepita njia hapiti tu. Anavua viatu, anaketi chini na wafiwa.

Hata mumewe, Rutaihwa, alipofariki, Eufrazia alimwosha kwa mikono yake, wazee wakanung'unika weee mpaka wakachoka. Akazikwa kibanjani, kwenye shamba la ukoo nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, walipolala baba yake na babu yake. Kila asubuhi Eufrazia akienda kukata ndizi alipita pale akampa habari za mji: nani kaoa, nani kaiba, kahawa imefika bei gani. Hakuna aliyemcheka. Kibanja cha Mhaya ndivyo kilivyo. Walio juu ya udongo na walio chini yake ni kaya moja.

Sasa, mama huyu ana mtoto mmoja wa kiume, Mutalemwa, fundi wa lifti huko Viena, nchi ya Austria. Miaka yote alikuwa mtu wa simu za Krismasi. Mwaka jana mapenzi yakamjaa ghafla: pasipoti, viza, tiketi, hadi koti la baridi lililoletwa na mtu. Mama aje atembee mwezi mzima. Wanawake wa jumuiya walimtania kwamba atarudi anakula ndizi za ebitoke kwa uma. Eufrazia alifurahi hata akasahau kununa. Aliwaambia wenzake kwamba asiye na mwana aeleke jiwe, na siku ya safari akapanda ndege Bukoba na kitenge kipya, kichwa juu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Mutalemwa alikuwa amechukua likizo, na kila kukicha alimpeleka kwenye makumbusho ya sanaa. Mji ule ni mkongwe, na majumba hayo yako kila kona, majumba ya wafalme waliokwisha kufa, dari zimepakwa dhahabu, ngazi pana za kupita ng'ombe wanne sambamba. Siku ya kwanza nusura arudie mlangoni. Wanaume wa mawe, uchi wa mnyama, wamesimama mchana kweupe, na mwalimu anawaleta watoto wa shule kuwatazama! Alijifunika uso kwa mtandio, akavuka ukumbi mzima akiwa ameshikwa mkono kama kipofu.

Kwenye picha za rangi alipata nafuu, maana huko aliwakuta watu anaowafahamu. Alimtambua Mtakatifu Sebastiani kwa mishale na Katarina kwa gurudumu, akawasalimia kwa majina. Alipomwona Yuditi ameshika kichwa cha Holoferne kwa nywele, alisema mwanamke yule angefaa kuwa mwenyekiti wa jumuiya. Mutalemwa alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Kulikuwa na jambo, hata hivyo. Kila Eufrazia alipotaka kupiga simu Buhembe, mwanawe alikuwa na sababu. Salio limekwisha, mtandao mbovu, Sabina atakuwa shambani saa hizi. Kisha humharakisha waende jumba jingine. Mama aliona, akanyamaza, akajiambia kwamba mgeni hampangii mwenyeji.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na watu wa Firauni wenyewe aliwakuta wiki ya pili, katika jumba lililo kubwa kuliko yote. Walikuwa wameshuka kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ndani ya sanduku la kioo alilala mwanamke. Si wa jiwe, si wa rangi. Alikuwa na kucha. Nywele chache zilibaki juu ya sikio. Vitambaa alivyovikwa vilikuwa vimefunuliwa hadi kifuani, na mdomo ulikuwa wazi, kama wa maiti ambaye hakufungwa kidevu mapema. Watu walimpita wakinong'ona na kupiga picha.

Eufrazia aliuliza huyo ni nani. Mutalemwa akasoma kibao, akasema ni mtu wa Misri ya kale, jina halijulikani. Akauliza atazikwa lini. Akajibiwa kwamba hazikwi, amewekwa atazamwe. Maishani mwake alikuwa ameona waliofia majini na waliofia motoni, lakini hajawahi kuona maiti aliyenyimwa kuzikwa ili watu wamwangalie. Akavua viatu, akavipanga ukutani. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza juu ya kioo, usawa wa uso wa yule mwanamke. Kisha akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akatoa rozari.

Buhembe hilo lingekuwa jambo la kawaida kabisa. Viena lilileta kengele, mlinzi mwanamke, kisha mlinzi mwingine mwenye redio ya mkononi. Watalii walimzunguka wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho, wengine wakaanza kumpiga picha yeye. Mutalemwa alitota jasho. Akachuchumaa, akamsihi ainuke. Mama akamjibu taratibu kwamba yeye hapiti msiba, na kwamba Mutalemwa naye avue viatu aketi, kwani alilelewa. Hapo ndipo aibu na hasira vikamtelezesha ulimi kijana.

"Mama, hiyo ni mifupa tu. Watu wanafukuliwa kila siku dunia nzima, hakuna kinachotokea. Hata baba wamemhamisha juzi, na mbona umelala vizuri?"

Rozari ilisimama mkononi.

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Yeye ndiye mrithi, na kibanja alikwisha kukiuza. Mnunuzi anajenga hoteli na hakutaka makaburi. Kibali kilipatikana, Rutaihwa na baba yake na babu yake wakahamishiwa makaburi ya mji. Mama amejengewa nyumba mtaa wa Rwamishenye, ina vigae na maji ya ndani. Alipanga kumweleza mwisho wa likizo, akiwa amefurahi. Alimwita huku ili asiyaone. Aliyasema hayo kama mtu anayetoa zawadi, na ubaya wake ni kwamba aliamini hivyo.

Siku Eufrazia alipomsifu Yuditi, pengine ndiyo siku majembe yalipogonga jeneza la mumewe. Alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza akamwona kama mtu wa kuja.

"Nani alimfunika?" aliuliza.

Mutalemwa hakuelewa.

"Walipomtoa. Nani alikuwepo wa kumfunika?"

Hakujua. Walikuwa vibarua wa mnunuzi. Mlinzi mwanamke alimrudishia kitenge, amekikunja vizuri, lakini Eufrazia hakukipokea, kwa kuwa kilikwisha kufunika maiti. Akavaa viatu, akataka tiketi ya kurudi.

Buhembe alikuta uzio wa mabati. Migomba ilikuwa imelazwa yote, ardhi imesawazishwa kwa greda, na mahali pa nyumba pamemwagwa kokoto. Aliwauliza majirani kwa nini hawakumwambia. Wakasema Mutalemwa alikuwa amewapigia simu kila mmoja, akawaambia mama amekubali. Sabina alilia kwa aibu, akamkaribisha kwake. Nyumba ya Rwamishenye Eufrazia hakuikanyaga, na hadi leo funguo anazo fundi.

Siku iliyofuata aliwachukua wanawake wa jumuiya, wakaenda makaburi ya mji. Walionyeshwa vichuguu vitatu vya udongo mpya, havina msalaba wala jina. Mchimba kaburi mwenyewe hakujua nani ni nani. Eufrazia alisimama pale mdomo wazi, yeye ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya marehemu, asijue amsemeshe yupi. Mwisho akatandaza mashuka juu ya vyote vitatu, wakaketi kwenye nyasi, wakaanza matanga upya.

Katikati ya rozari alimgeukia Sabina.

"Siku yangu ikifika, nioshe wewe. Nizikeni kwanza. Mutalemwa mtampigia simu kesho yake."

Mutalemwa alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa ametoka moja kwa moja uwanja wa ndege, begi bado begani, viatu ameshika mkononi. Alisikia kila neno, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyesogea kumpa nafasi ya kuketi.