Mnyororo Mgongoni

Kaka yangu mkubwa amekata nyama kwenye bucha la marehemu baba miaka ishirini na mbili, na sijapata kuona fundi wa kisu kama yeye. Nasema mapema, kwa sababu siku hizi watu wanamjua kwa vipele tu.

Vilimwanzia kwenye vifundo vya mikono: bapa, vya zambarau, vinawasha hadi machozi. Daktari akampima damu, akakuta virusi vya ini. Akamwambia vipele haviambukizi kwa kugusana, ila asijikune kamwe, maana popote ngozi itakapochubuka vitaota vingine, kwa umbo lilelile la mchubuko.

Kikulacho ki nguoni mwako. Cha kaka kilivaa aproni kama yake: mdogo wetu wa mwisho.

"Wateja wanakuonea kinyaa," alimwambia. "Niachie bucha, ukae nyumbani."

Kaka akakataa. Asubuhi moja, kabla ya kufungua, wakiwa wawili tu, yule fisi akachomoa mnyororo wa kuning'inizia nyama, akamtandika nao mgongoni mara tatu, hadi kaka akaangukia ndoo ya utumbo. Mtu na ndugu yake wa tumbo moja!

Mama alipotuita, mdogo akaapa hakumgusa.

"Aliteleza, Mama. Ugonjwa umempanda kichwani."

Mama akamwamini kitinda mimba wake. Akasema mwezi ukiisha atamkabidhi funguo za bucha. Kaka akarudi zake buchani, kwenye gogo lake la kukatia nyama, nami nikamchukia kwa kutojitetea.

Siku ya funguo tulikutana buchani. Kaka akavua shati, akatugeuzia mgongo. Vipele vya zambarau vilikuwa vimeota mistari mitatu, pete baada ya pete. Mama akautungua mnyororo kwenye kulabu, akaulaza juu ya mstari wa kwanza. Ukaenea sawasawa. Mdogo akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Mama akazitupa funguo juu ya gogo la kaka, kisha akamchapa mdogo mnyororo wa uso. Shavu likapasuka, damu ikamwagika hadi kwenye aproni. Sitasema uongo, nilifurahi. Akauinua tena, akilia, na angemuua. Kaka, kifua wazi, akamdaka mkono.

"Basi, Mama," alisema. "Utajichosha bure. Ngozi ya huyu si kama yangu; itapona."